Vidole Vinne Juu ya Kichwa

Benchi la kijiwe hicho halikuzaliwa benchi. Lilikuwa ngazi ya chuma ya mteja aliyehama mtaa bila kuaga, na Cheche mchomeleaji, alipochoka kujikwaa nayo kila anapoingia karakanani kwake, akailaza chini, akaifungia mbao mbili, na tangu hapo wanaume wasio na haraka hawajakosa pa kukalia. Mama Birika huweka jiko lake la mkaa upande wa kivuli na kuuza kahawa kwa vikombe visivyofanana. Sindano, mshona nguo wa mlango wa pili, mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, huja na futi shingoni, utadhani kuna mtu ataugua ghafla kwa kukosa suruali. Breki, aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa anaendesha fimbo, huja na magoti yake mabovu na maoni yake mazima. Cheche mwenyewe huja wa mwisho, shati limetobolewa na moto kama chujio. Asubuhi hiyo walikuwepo wote wanne, na nyuma yao, mlangoni mwa karakana, lilikuwepo gari la mbio, jekundu, la milango miwili, lililoletwa hapo likiwa wazi juu na sasa lina paa. Hakuna aliyelichukua.

Cheche alikaa akiligeuzia gari mgongo. Majuma yote ya kazi alikuwa akikaa akilitazama, kikombe mkononi, akitafuta pa kurudia kupiga msasa. Leo alitazama barabara, ambako hapakuwa na cha kutazama ila mama mmoja akimwaga maji ya kufulia.

— Mbio zilikuwa juzi, Breki akaanza. Waliotangulia wametangulia, waliobaki nyuma wamebaki, wote wamerudi makwao wameoga. Gari liko hapa.

— Tunaliona, Sindano akasema.

— Nasema tu.

— Wewe husemi tu. Wewe unafungua kesi.

— Mwacheni mwenzenu anywe kwanza, Mama Birika akasema huku akimimina. Hamuoni uso umefungwa kama duka la aliyefiwa?

Gari lilikuwa la mpwa wake Cheche, mtoto wa dada yake anayefuatana naye. Dada alipoachwa na mume alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, na mtoto akabaki kwa mjomba, meno ya mbele yakiwa bado hayajaota upya, mpaka akaota ndevu. Sasa alikuwa fundi umeme wa kiwandani, mwenye kitanda chake na ufunguo wake. Alilinunua lile gari likiwa mzoga, akalifufua kiungo kimoja kimoja, kisha akalileta kwa mjomba na ombi moja. Wenye mbio hawamruhusu mtu kuingia na gari la wazi mpaka liwe na upinde wa chuma nyuma ya viti, bomba nene lililokunjwa na kufungwa kwenye sakafu, ili gari likibingirika uzito uangukie chuma, usiangukie shingo. Kijana alisema, "Mjomba, nitengenezee upinde." Hivyo tu. Paa hakulitaja.

— Mimi nitawaambia ukweli, Sindano akasema. Nimefikiria usiku kucha. Chuma kimerudi.

— Sijaelewa, Breki akasema.

— Kama kitambaa. Ukishona kitambaa bila kukiloweka kwanza, mteja akifua mara moja suruali inageuka kaptura. Sasa Cheche amekichoma kile chuma kikawa chekundu, kikapoa. Kikipoa kinajikunyata. Paa lilikuwa juu vizuri kabisa, mimi mwenyewe shahidi. Likashuka lenyewe.

— Kiasi gani?

— Kiasi cha kichwa.

Breki alicheka, kisha akaona Cheche hacheki, akarudisha cheko lake.

— Si chuma, Breki akasema. Ni kiti. Lile gari lilikaa nje mvua zikinyesha, kabla ya kuwa na paa. Sponji imekunywa maji, imevimba. Mimi niliwahi kubeba magodoro lori zima, turubai likapasuka njiani, mvua ikaingia. Nilipofika mlango wa nyuma haukufunguka. Magodoro yalikuwa yamekua.

— Yamekua.

— Yamekua, Mama Birika. Tuliyavuta moja moja kama meno.

— Na mpwa wake Cheche amekalia godoro?

— Amekalia sponji. Ni ndugu yake godoro.

Cheche alikunywa. Kahawa ilikuwa ya moto na hakuionja. Alikuwa anaiona tena ile Ijumaa, wiki mbili zilizopita, kijana alipokuja kuchukua gari, mfuko begani, kofia ngumu ya mbio kwapani. Alisimama mlangoni. Akaliona paa. Tabasamu lilimjia, lakini lilichelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Akavaa kofia yake, akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Ndipo wote wakaona. Shingo ya kijana ilikuwa imelala upande mmoja, sikio juu ya bega, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukutani. Alikaa hivyo kitambo, mikono kwenye usukani, labda akingoja mmoja wao aseme neno. Benchi zima lilikuwa na maneno tangu asubuhi. Saa hiyo yalikauka. Kijana akatoka polepole, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa chuma pale paa lilipoungana na upinde, akasema, "Umechomelea vizuri, mjomba." Akaaga kila mtu kwa heshima, mpaka Sindano. Akaondoka kwa miguu, kofia kwapani.

Angalau angetukana. Cheche angejua pa kuanzia.

— Kuna msichana, Mama Birika akasema ghafla.

— Wapi? Breki akageuka.

— Kaa chini, mzee, magoti yako. Nasema huko kwa kijana kuna msichana. Mwanaume hanunui gari la wazi ili auone upepo. Ananunua ili aonekane. Sasa mmemfunika kama chungu cha maharage. Nani atamwona?

— Gari la mbio hilo, Sindano akasema. Si la kutembelea wasichana.

— Lote ni moja. Mbio zenyewe anamkimbilia nani?

— Basi angesema.

— Kwa nani? Kwako? Mtu akikwambia siri yake saa mbili, saa tatu wateja wako wanaivaa.

— Mimi naona limejaa upepo mno, Breki akasema.

— Nini tena?

— Tairi. Tairi zikijazwa upepo kupita kiasi, gari linapanda. Likipanda, dereva naye anapanda. Akipanda, kichwa kinafika kwenye paa.

Mama Birika aliweka birika chini ili afikirie vizuri.

— Na paa halipandi nalo?

Breki alichora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta.

— Halipandi sawasawa, akasema.

Hapo hata Cheche alitoa pumzi puani, nusu ya cheko. Nusu ya pili haikuja. Aliyajua mapenzi ya hawa watu. Walikuwa wanamtafutia mkosaji, na walikuwa tayari kumkamata yeyote, mvua, sponji, upepo, msichana asiyekuwepo, ilimradi asiwe yeye. Siku kumi na kitu walikuwa wakimjengea hivyo pa kujificha, naye alikuwa akijificha. Simu ilikuwa mfukoni. Hakuwa amempigia kijana, na kijana hakuwa amepiga.

— Hata hivyo dawa ipo, Sindano akasema. Atoe kiti. Akae sakafuni.

— Akanyage vipi mafuta?

— Akunje miguu.

— Ataendesha mbio kama mtu anayeota moto?

— Au apunguze kofia. Si lazima iwe nene vile. Nimpe ya kitambaa, niweke pamba ndani.

— Mpe na kibandiko cha jeraha kabisa, Mama Birika akasema.

— Au, Breki akasema, na fimbo ikainuka, lifanyiwe nundu. Paa lenyewe libaki, lakini upande wa dereva litobolewe, lichomelewe nundu ya bati, ya duara, kichwa kiingie humo. Gari litakuwa na kichwa chake na chako.

Sindano alianza kucheka, akakohoa kahawa.

Cheche hakusema kwamba hilo la nundu alikuwa amekwisha kulifikiria peke yake. Jumamosi ile, siku iliyofuata baada ya kijana kuondoka, alipanda kwenye kigoda akachora duara kwa chaki juu ya paa jekundu, mahali pa kichwa. Akalitazama. Aliona mpwa wake akipita mbele ya watu ndani ya gari lenye jipu, na watu wakiuliza ni kazi ya nani. Akafuta kwa kiganja. Chaki haikutoka yote. Mpaka leo ukisimama upande wa jua unaiona.

— Lakini tuseme kweli, Breki akasema, na sauti yake ikashuka. Kipimo kilikuwa cha nani?

Macho ya benchi zima yakaenda upande mmoja.

— Mnanitazama mimi kwa nini? Sindano akauliza.

— Hatujakutazama.

— Mnanitazama. Mlinikalisha nyinyi. Mimi nilikuwa nashona zipu, nikaitwa, njoo ukae hapa tuone kichwa. Nikakaa.

— Ulikuja mbio na sahani yako mkononi, Mama Birika akasema. Ulikaa kwenye usukani ukapiga honi.

— Nilipiga honi mara moja.

— Ulisema umezaliwa kwa ajili ya gari hilo.

— Na wewe, Sindano akamgeukia Breki, wewe ndiye uliyeweka vidole. Vidole vinne juu ya kofia yangu, ukasema vinatosha. Ulisema vidole vinne vinatosha dunia nzima.

— Vinatosha kwa lori.

— Hukusema kwa lori. Ulisema dunia nzima.

— Wewe unaishi kwa futi shingoni, bwana. Hata maiti unampima kabla ya kukata sanda. Siku ile futi ilikuwa wapi?

Sindano aliishika futi yake, akaitazama kama mtu anayekutana na shahidi wa upande wa pili.

— Ilikuwa shingoni, akasema.

Hata Mama Birika siku ile alisimama na birika lake, akatazama kwa jicho moja, akasema paa limekaa vizuri, literemke kidogo lisionekane kama banda. Liliteremshwa kidogo. Walikuwa wamepita wote ndani ya lile gari, mmoja baada ya mwingine. Wamekaa, wameshika usukani, wametoa maoni. Mtaa mzima ulishauriwa. Mwenye kichwa alikuwa kazini kwake kiwandani, anajua anatengenezewa upinde.

— Si dada alitaka paa? Mama Birika akasema taratibu. Nilimsikia mimi. Alikuja hapa amelia mpaka mtandio umelowa. Akasema mwanawe hatatupwa nje ya gari kama punje inayoruka chunguni.

— Alitaka, Cheche akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo.

— Basi kosa ni la dada. Mwulize dada.

— Nilimwuliza. Kasema yeye alisema paa, hakusema dari ya banda la kuku.

Breki alitaka kucheka. Akaona haifai, akajikuna goti.

— Sasa wewe ulikosea wapi? akasema. Mama anataka, mjomba anatenda. Mtoto ni wenu.

— Ana miaka ishirini na tisa.

— Kwa mama yake ni mtoto.

— Na kwangu, Cheche akasema. Ndiyo tabu yenyewe.

Aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi ya kuchomelea humfanya mtu akae siku nzima nyuma ya kioo cheusi akitazama doa moja la mwanga. Maneno yalipomjia yalikuja kwa vipande.

— Mimi nilikuwa na simu mfukoni. Kazi yote ya paa nilikuwa nayo. Nilikunja lile bomba, nikalijaza mchanga lisivunjike kiuno, nikalipasha moto, nikalikunja. Nilipomaliza upinde ulikuwa umekwisha. Kazi aliyoagiza ilikuwa imekwisha pale. Ningeweza kumwita.

— Ulitaka kumshtua kwa furaha, Sindano akasema.

— Nilijiambia hivyo. Lakini nilijua. Ningempigia, nikamwambia mama yako anataka paa, angesema hapana, mjomba. Angesema kwa adabu. Mimi sikuitaka hiyo hapana.

— Kwa hiyo ukanyamaza.

— Nikachomelea. Na sikufunga kwa bolti. Bolti zilikuwepo, debe zima. Mtu akifunga kwa bolti, mwenzake anaweza kufungua. Nilichomelea pande zote, kutoka kwenye upinde mpaka kwenye fremu ya kioo cha mbele, nikasaga, nikapaka rangi. Nilitaka asiweze kulitoa.

Mama Birika alisogeza kikombe chake kwa kidole, ila hakumimina.

— Na kipimo? akauliza.

— Kipimo niliona ninacho. Mtoto alisimama pale kwenye jiliwa la kubania chuma miaka yote ile, nikiona kidevu chake kinapofika. Nikifumba macho namwona yuko pale. Sindano alipokaa ndani ya gari, nikasema moyoni, ndiyo, ni hapo hapo. Nilimwona kila mwaka. Nilimfungulia mlango, akainama kuingia ndani kwangu. Miaka kumi anainama, na mimi nasema karibu.

Akapitisha mkono usoni.

— Na anapenda upepo, akasema. Tangu zamani. Nilikuwa na kile kigari cha kubebea chuma. Kiti cha mbele hakitaki. Anataka kukaa nyuma, juu ya mabomba, mdomo wazi, anakunywa upepo mpaka anakohoa. Nilikuwa namgombeza. Ananijibu, mjomba, mbele hakuna hewa. Kiti cha mbele kilikuwa na dirisha zima.

Breki alitazama fimbo yake. Sindano aliivua futi shingoni, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mchana.

— Nalikata, Cheche akasema.

— Nini?

— Paa. Leo.

— Subiri kwanza, Breki akasema. Ukilikata, upinde wenyewe utabaki na jeraha. Umeunganisha pande zote, umesema mwenyewe. Bomba lililochomwa na kukatwa mtu hawezi kulitegemea gari likipinduka.

— Najua. Nitaukata na upinde. Nitaanza bomba jipya.

— Na ile fremu ya kioo?

— Nitaifuata kwa tupa.

— Na rangi?

— Breki, nimesema najua.

— Mimi sisemi usikate. Nasema mpigie kwanza.

Cheche alishaanza kuinuka. Aliposikia hivyo alikaa tena. Lilikuwa neno la maana pekee alilolisikia benchini tangu gari liletwe, na limetoka kwa mtu wa magodoro yaliyokua. Akatoa simu. Akaifuta kioo kwa shati, ikachafuka zaidi. Alilitafuta jina la kijana, akalipata, akakaa analitazama.

— Utamwambia nini? Sindano akauliza.

— Nitamwuliza.

— Utamwuliza nini?

— Kila kitu. Nianze na kichwa.

Akabonyeza. Walisogea wote, hata Mama Birika akaacha jiko. Simu iliita, ikaita, ikakata. Akabonyeza tena. Ikaita mpaka mwisho.

— Yuko kazini, Mama Birika akasema. Kiwandani hawashiki simu.

— Ndiyo, Sindano akasema. Mashine zinapiga kelele.

— Saa ya kula atapiga, Breki akasema.

Cheche alirudisha simu mfukoni. Safari hii alikwenda karakanani, akarudi na grenda ya kukatia chuma, waya ukimfuata nyuma. Alizunguka gari mara moja. Alipima kwa futi ya chuma, si kwa vidole, umbali kutoka ukingo wa mlango mpaka pa kupitisha kisu, akachora mstari wa chaki kwenye nguzo ya kulia, akachora wa kushoto. Akavaa miwani ya kazi. Usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho hakikuwepo kwa wiki mbili, na Mama Birika akamimina kahawa kwa kila mtu bila kuulizwa, kama mtu aliyesikia mgonjwa ameomba uji.

— Samahani wazee wangu. Naomba lisikatwe.

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama kando ya jiko, na hakuna aliyemwona akifika. Bwana mmoja mdogo wa umbo, nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inang'aa, miwani mizuri usoni. Mkononi alishika ufunguo.

— Wewe ni nani, baba? Mama Birika akauliza.

— Mimi nauza miwani, mtaa wa sokoni. Hilo gari ni langu. Nimelichukua kwa kijana mmoja jana jioni, tumeshamalizana. Akaniambia nitalikuta hapa kwa mjomba wake.

Grenda ilikuwa bado mikononi mwa Cheche. Hakuiwasha na hakuiweka chini.

— Jana jioni, akasema.

— Jana jioni. Wewe ndiye mjomba? Basi salamu zako nyingi. Kakusifia sana. Alisema kazi yako haina dosari, nisije nikamruhusu fundi mwingine aguse.

— Hakusema kingine?

Yule bwana alifikiri kwa dhati, maana alionekana mtu mwema, asiyependa kupoteza ujumbe wa watu.

— Hapana. Nilimwuliza kama ana gari jingine la mbio, akasema hayo ameacha. Basi.

Akafungua mlango, akaingia, akaufunga. Wote wanne waliona. Kichwa kilisimama wima katikati ya nafasi yake. Juu ya nywele palibaki pengo zuri, la kutosha, la mtu kupumua. Viwiko vilifika mahali pake. Aliwasha gari, injini ikanguruma kwa utamu ule wa injini iliyotunzwa na mtu aliyeipenda, naye akasikiliza, akaridhika, akashusha kioo.

— Limenikaa barabara, akasema. Mimi kimo hiki, wazee, magari yote napotelea ndani. Duka la viatu, vivyo hivyo. Sijawahi kukaa mahali pakanitosha namna hii.

Sindano alikuwa anatazama miguu yake.

— Hongera, Breki akasema, kwa kuwa lazima mtu mmoja aseme kitu.

— Ahsante, mzee. Ila kuna jambo nimeshindwa kulielewa, na kijana nikaona haya kumwuliza. Yeye ni mrefu vile, na gari lilikuwa lake. Sasa hili paa mlikuwa mnamtengenezea nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu, mkono mmoja kwenye usukani, akitaka tu kujua, kama mtu anavyouliza chumba hiki kilikuwa cha nani kabla hajahamia. Breki alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Mama Birika. Mama Birika alilitikisa birika, likalia utupu, akalifunika. Cheche alisimama na miwani ya kazi machoni, waya wa grenda umelala miguuni pake, na mdomo wake ukafunguka kidogo, ukafungwa.

Yule bwana akadhani injini ndiyo inayomeza maneno. Akaizima, akatoa kichwa dirishani, akawauliza tena, taratibu, kwa sauti ya juu kidogo.